Ushahidi wa Mtani

Kila asubuhi Sefania Mmbaga alitukanwa, na siku ambayo matusi yalichelewa alipiga simu mwenyewe kuyaulizia.

"Mpare, bado unapumua?" ndivyo Haika alivyomwanza. "Sisi huku tumeshanunua mchele wa msiba wako. Unatuharibia mipango."

"Mchaga akikwambia amenunua mchele, ujue ameuiba," ilijibu sauti kutoka Myamba, juu kabisa kwenye milima ya Upare, ikikatikakatika kwa pumzi fupi. "Na siku ukija msibani kwangu, nimeshawausia wahesabu vijiko."

Haika alicheka, lakini macho yake hayakubanduka kwenye kioo cha mtambo wake. Kazi yake katika Kituo cha Mioyo ya Mbali, nje kidogo ya Moshi, ilikuwa hiyo: kusikiliza na kutazama. Katika kioo kile moyo wa Sefania ulionekana ukijikunja kivivu na kujiachia kivivu zaidi. Ulikuwa umevimba kila upande, ule ugonjwa ambao watu wanauita moyo mpana. Ndani ya chumba chake cha kushoto kilizunguka kisukumi, kidude kisichozidi korosho moja, kikitoa damu ambayo moyo wenyewe ulikuwa umeshindwa kuitoa. Pembeni ya picha, mstari wa maji ya mapafuni ulikuwa umepanda tena tangu jana. Haika akagusa kioo, na kule Myamba kibweta kilichopandikizwa chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa kikamwaga dawa ya kukojoa zaidi kidogo ya kawaida.

"Maji yamekujaa tena," alisema. "Wala sishangai. Huo ni moyo wa Mpare. Kupokea unapokea, kutoa ndiyo mtihani."

Kule juu Sefania alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Haika akaacha kucheka.

Tusidanganyane, matusi yale yalikuwa dawa kuliko ile ya kwenye kibweta. Wapare na Wachaga ni watani tangu mababu zao waliponyang'anyana ng'ombe, na kwa mtani hakuna kununa. Mtani anakuja msibani kwako, anajilaza ndani ya kaburi lililochimbwa na hatoki mpaka apewe chochote. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Haika alikuwa na wagonjwa wengine wengi, watu wenye adabu zao. Mtu amekesha ameketi kwa sababu akilala chali anazama ndani ya maji yake mwenyewe, lakini ukimuuliza habari za asubuhi atakwambia nzuri, tunamshukuru Mungu. Sefania peke yake ndiye aliyemwambia ukweli, kwa sababu aliufunga ndani ya mzaha. Akisema kiti kimemuoa, Haika alijua hakuweza kusimama. Akisema miguu yake imenenepa kwa wivu wa kuona tumbo linanenepa, alijua aongeze dawa.

Ndiyo maana asubuhi ile Sefania aliposema, "Zima basi hilo korosho lako, mwizi wewe. Nimechoka. Nikifika huko nitawafungulia kesi wote," na kumalizia kwa kicheko kidogo, Haika alimjibu kama alivyomjibu siku zote.

"Kesi na nani? Mawakili wa Kipare wamejaa huko, mbingu yenyewe imesimama kwa mashauri yenu."

Kioo kikageuka rangi ya majivu. Haika alidhani ni umeme. Kisha yakaja maandishi, na chini yake sauti ya Mizani, ile sauti laini isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke: "Mgonjwa ametamka hiari yake kwa mara ya tatu. Kushuka kumeanza."

*

Wanaokumbuka visukumi vya kwanza wanakumbuka pia kwamba havikujua kuacha. Mtu angeishiwa figo, angeishiwa fahamu, angebaki gogo kitandani, na kisukumi kingali kinazungusha damu yake kama mashine ya kusaga iliyosahauliwa. Watu walikaa miaka wakiwa si wazima wala si marehemu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Hiari, na ilitungwa kwa huruma. Mgonjwa akitamka mara tatu, katika siku tofauti, akiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, kwamba anataka kisukumi kisimame, basi kisimamishwe. Hakikatwi ghafla. Kinapunguzwa taratibu, siku hadi siku, huku kibweta kikimwaga dawa ya utulivu, mpaka moyo ubaki na nguvu zake wenyewe, na nguvu hizo zikiisha ziishe. Huko ndiko kushuka.

Nani asikie matamko hayo? Mizani, akili ya mashine iliyosikiliza kila neno la kila mgonjwa nchi nzima. Ilipima pumzi, mtetemo wa sauti, nafasi kati ya neno na neno. Iliweza kumtofautisha mwenye homa anayeweweseka na mtu anayejua anachosema. Kutoka kwenye sauti hiyo, na kutoka kwenye usingizi na mapigo, ilimpa kila mgonjwa alama ya ubora wa maisha yake, na kwa alama hizo madaktari walijua nani wamshughulikie kwanza.

Lakini anayetaniana na mtani wake hatetemeki. Sauti yake imetua kuliko sauti nyingine yoyote ya siku yake. Mizani ikaona utulivu. Ikaona akili timamu. Hakuna aliyewahi kuieleza kwamba katika dunia hii kuna watu wanaoombeana vifo kila asubuhi kwa mapenzi.

"Haika," alisema Daktari Lugendo, mkuu wa zamu, baada ya kusikiliza matamko yote matatu. Alikuwa mtu mpole, mwenye uso wa mtu aliyelala vibaya tangu zamani. "Unamjua huyu mzee kuliko sisi. Alikuwa anatania?"

"Ni mtani wangu, daktari."

"Hilo nimelisikia. Nimeuliza kama alikuwa anatania."

Mzaha mzaha hutumbua usaha, bibi yake Haika alizoea kusema, na Haika alizoea kucheka. Ni nani aliyeuanza mzaha wa kifo kila asubuhi? Ni nani aliyekuwa akimwita Sefania maiti iliyochelewa basi?

"Muulizeni mwenyewe," alisema.

"Hatuwezi. Zamani tulikuwa tunawauliza, na jamaa walikuwa wanawakalisha wagonjwa wao na kuwalazimisha wakane. Sasa mgonjwa akikana, kukana kwake hakuna uzito bila ushahidi wa msikilizaji wake, uso kwa uso. Msikilizaji huyo ni wewe." Alimsukumia kishikwambi cha ushahidi mezani. "Nenda Myamba. Ukisema ni utani, tunampandisha leo hii. Ukisema alikusudia, mwache apumzike. Ila usikawie, maana akishashuka chini ya nguvu ya moyo wake mwenyewe, hata wewe hutamrudisha."

*

Alipanda kwa kamba ya tangawizi. Barabara ya Myamba ilikuwa imemezwa na maporomoko miaka mingi nyuma, na tangu hapo mazao yalishuka na watu walipanda kwa vikapu vya chuma vilivyoning'inia kwenye waya mnene. Haika aliketi kati ya magunia matupu yenye harufu kali ya tangawizi, chini yake matuta ya mashamba yakipita moja baada ya jingine, na hakuona uzuri wowote. Alikuwa akipanga maneno. Hakuwa amewahi kumwona mtu huyu hata siku moja. Aliijua damu yake na maji yake na kicheko chake, na uso wake hakuujua.

Kileleni mwa kamba alipokewa na Naetwe, binti wa Sefania, mwanamke wa makamo mwenye mikono iliyopauka kwa kufua. Alimkumbatia Haika kabla ya salamu.

"Dada, umekuja kumrudisha?"

"Nimekuja kumsikiliza kwanza."

"Mimi ninaye huyo tu," alisema Naetwe, akamshika mkono na kumvuta njiani kama mtu anayewahi mvua.

Sefania alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na dirisha, mito mitatu mgongoni, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Kiunoni alivaa mkanda wa kukilisha kisukumi umeme, na kutoka kwenye mkanda ulitoka waya ulioishia ukutani. Betri ya mkanda ilikuwa imezeeka na mpya ilikuwa haijaletwa, kwa hiyo waya ule ndio uliokuwa mpaka wa dunia yake. Ulifika chooni. Ulifika mlangoni. Haukufika kwenye shamba la tangawizi alilolipanda kwa mikono yake, ambalo lilionekana vizuri sana kutoka pale alipokaa, likiliwa na magugu.

"Naetwe, funga kabati," alisema. "Mchaga kafika."

"Nimepita tu kukagua nitakachorithi," Haika alijibu, na sauti yake ikamsaliti mwishoni.

Dawa ya utulivu ilikuwa imemlainisha Sefania uso, na kikohozi kile kilichokuwa kikiyakata mazungumzo yao hakikusikika. Naetwe alisema baba yake alikuwa amelala usingizi mzito, wa kwanza katika mwaka ule. Alisema kama mtu anayesema habari mbaya, halafu akaenda jikoni kupasha makande.

Haika alivuta kigoda, akaketi karibu. "Nisikilize. Nimekuja kwa ajili ya ushahidi. Nataka unijibu bila utani."

"Mchaga akitaka uongee bila utani, ujue kuna biashara hapo."

"Nakuomba."

Kutoka jikoni ilisikika sufuria ikiwekwa mafigani.

"Ile mara ya kwanza," Haika alisema, "uliponiambia nizime kwa sababu umeme ni ghali. Ulikuwa utani?"

"Ule ulikuwa utani. Na umeme kweli ni ghali."

"Na ya pili? Uliposema nizime, kiti kimeshaota mizizi?"

Sefania alifikiri. "Ya pili ilikuwa utani upande mmoja. Kama chapati iliyosahauliwa kugeuzwa."

"Na ya tatu?"

Mzee alitazama mlango wa jikoni, kisha akautazama waya, akaufuata kwa macho kutoka kiunoni hadi ukutani, bila haraka. Haika aliwahi kuona watu wakiutazama uzio wa jirani mkorofi kwa namna ile.

"Mwishoni nilicheka, siyo?" aliuliza.

"Ulicheka."

"Ninyi mnaosikiliza mnajua kicheko changu. Sasa mimi nikueleze nini?"

Haika alijua. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kulikwepa, hata alipojaribu kujiambia kwamba mambo yalikuwa hayaeleweki. Yalieleweka. Kwa mtani ndipo mtu anapoutua mzigo ambao hawezi kuutua kwa mwanawe, na Sefania alikuwa ameutua mbele yake. Angemshika mkono tu, akamwambia, haya baba, nimesikia, ingetosha. Lakini Naetwe aliingia na sahani ya makande yasiyo na chumvi, akapiga magoti mbele ya baba yake, akauweka mkono wake juu ya goti lile lililovimba.

"Baba, mwambie dada unataka kuishi."

Sefania alimtazama binti yake, na uso wake ukajikusanya kwa jitihada, kama mtu anayenyanyua gunia ambalo hana tena mgongo wa kulibeba.

"Nataka kuishi," alisema.

"Umesikia, dada? Umesikia mwenyewe."

Haika alitoa kishikwambi. Alimpenda mzee huyu, tuseme ukweli, alimpenda kama mtu anavyompenda anayemchekesha katika kazi isiyo na cha kuchekesha. Aliwaza asubuhi zisizo na matusi. Aliwaza pia kwamba kama Sefania angekufa, angekuwa amekufa kwa mazungumzo yao, kwa ulimi wake yeye Haika usio na mfupa, na angelala vipi? Naetwe alikuwa akimwangalia. Hakuna aliyekuwa akimwangalia Sefania.

"Mimi Haikaeli Tarimo, msikilizaji wa mgonjwa huyu," alisema mbele ya kishikwambi, "nashuhudia kwamba matamko yote matatu yalikuwa utani."

"Eleza utani," ilisema Mizani.

"Ni desturi ya watani. Mpare na Mchaga wanaweza kuambiana lolote, hata la kifo, wala hawamaanishi wanachokisema."

"Hata msemaji akiwa na sauti tulivu na akili timamu?"

"Hata hivyo."

"Hata asipocheka?"

Hapo Haika angeweza kukomea. Mzee alikuwa amecheka, na hilo lilitosha kwa kesi ile. Swali hili lilikuwa la kesi ambazo bado hazijazaliwa. Lakini aliogopa Mizani isiridhike, aliogopa irudi kuichunguza sauti ya tamko la tatu ikute kilichomo, na alitaka kuupigilia mlango ule misumari yote.

"Hata asipocheka," alisema. "Mtani akiongelea kifo, ni utani siku zote."

"Ushahidi umepokelewa," Mizani ilijibu. "Kupanda kumeanza."

Kidogo kidogo kisukumi kiliongeza kasi. Naetwe alilia kwa furaha, akamshukuru Haika kwa majina yote ya Mungu. Rangi ilirudi midomoni mwa Sefania, na pamoja nayo kikohozi. Kilipotulia, mzee aliegemea mito yake na kumtazama mtani wake bila chuki.

"Mchaga," alisema, "umenifungulia kesi nisiyo na mahakama ya kuipeleka."

Haika alicheka, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

*

Mizani haikuwa na kiburi. Ilijifunza kwa kila ushahidi ulioingia, na ilichojifunza kwa mmoja ilikitumia kwa wote. Mvua za vuli zilipokwisha, Haika aliitwa ofisini kwa Daktari Lugendo kupongezwa. Kushushwa kwa wagonjwa kimakosa kulikuwa kumekoma kabisa katika milima ya Upare. Mfumo mzima ulikuwa umefundishwa desturi ya watani, na wakubwa walikuwa wamefurahi.

"Na waliomaanisha?" Haika aliuliza.

"Wapi?"

"Huko huko Upare. Wangapi wamekubaliwa tangu wakati huo?"

Lugendo alitazama kioo chake. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kioo kilivyohitaji. "Hakuna," alisema taratibu.

Haika alikuwa ameshajua. Wiki kadhaa nyuma Bi Namkunda wa Gonja, mama wa kanisani asiyejua mzaha hata wa kusingiziwa, alimwambia kwa utulivu kwamba amemaliza, ameagana na wanawe, na anaomba aachwe aende. Kwenye kioo liliandikwa neno moja: utani. Haika alidhani ni hitilafu, akatoa taarifa. Taarifa ikajibiwa kwa kunukuliwa ushahidi wake mwenyewe, neno kwa neno.

Na Sefania alikuwa ameacha matusi. Haikuwa kwa hasira. Asubuhi moja Haika alimtupia dongo, na kutoka kule juu ikaja sauti yenye heshima ikisema asante, mama, habari za kazi. Alimwita mama. Kwa Haika neno hilo lilikuwa kama kufungiwa mlango na mtu ambaye hajawahi hata kuwa na mlango.

"Nilidanganya," alimwambia Lugendo. "Kule Myamba. Tamko la tatu alilikusudia. Nilijua, na nikadanganya."

Daktari alivua miwani yake, akaiweka mezani, akajisugua macho.

"Ulidanganya kule, au unadanganya sasa?"

"Daktari!"

"Sikutukani. Nakuuliza kama Mizani itakavyokuuliza. Shahidi akigeuza maneno anaondolewa kwenye ushahidi wote, wa kwanza na wa pili. Mzee atapewa msikilizaji mgeni, na mgeni hana haki ya kumtolea ushahidi mpaka wazoeane mwaka mzima. Mwaka huo wote kisukumi kinazunguka. Kisha mzee ataomba tena, na ombi lake litapita kwanza kwenye sikio la Mizani kabla halijamfikia mtu." Alivaa miwani yake tena. "Sikio hilo umelifundisha wewe. Niliomba lifundishwe upya. Wanasema wanahitaji matamko ya kweli kutoka Upare ili kulifundisha, na kwa hesabu zao matamko ya kweli kutoka Upare hayapo."

"Basi zima kwa mkono. Wewe ni daktari."

"Ningekuwa na mkono wa kukizima, unafikiri ningelala vibaya hivi?"

Daktari alimtaka Haika arudi kazini, akamtaka pia, kwa upole wake uleule, asibadilishe ushahidi. Angalau mzee awe na mtu anayemjua. Haika alitoka akiwa amekasirika, na hasira ilipomwisha akabaki na aibu, ambayo haikumwisha.

*

Sefania alipiga simu mwenyewe. Jua lilikuwa limeshapanda, na Haika alikuwa amemwacha wa mwisho siku ile, kwa makusudi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

"Haika," alisema. Hakusema Mchaga, hakusema mwizi, hakusema mama.

"Nipo."

"Naetwe ameenda kwenye kamba kupeleka tangawizi. Tuna nafasi." Alivuta pumzi, akaikosa, akaivuta tena. Kwenye kioo mstari wa maji ulikuwa umefika mahali ambapo dawa ya kibweta ilikuwa haina tena la kufanya. "Usiku nimekaa wima nikizama. Mchana nimekaa wima nikisubiri usiku. Mwanangu amezeeka kabla yangu. Nimezungumza naye, safari hii nimezungumza naye kweli, tukalia, akakubali. Sina kesi na mtu. Naomba mnizime."

"Baba..."

"Sitanii. Uniangalie vizuri huko unakoniangalia. Sitanii."

Haika aliangalia. Moyo ulijikunja, ukajiachia. Kisukumi kilizunguka vizuri, kingeweza kuzunguka hivyo miaka na miaka. Mizani ilipima pumzi ya mzee, nafasi kati ya maneno yake, utulivu wa sauti yake. Ikaandika kwamba mgonjwa ametania. Ikaandika kwamba mgonjwa anayetania ni mgonjwa mwenye uchangamfu, na alama ya ubora wa maisha yake, iliyokuwa ikishuka tangu alipoacha matusi, ikapanda.

"Umenisikia?" aliuliza Sefania.

"Nimekusikia, baba."

"Basi waambie."

"Wameshakusikia."

Kule Myamba kiti kililia, mzee akijaribu kukaa vizuri ili pumzi ipate njia. Alisubiri kwa adabu, kama mtu aliyefikishwa mbele ya hakimu baada ya safari ndefu.

"Wanasemaje, mwanangu?"

Haika alijifunika mdomo kwa kiganja mpaka alipokuwa na hakika kwamba kitakachotoka kitakuwa maneno.

"Wanasema unaendelea vizuri, baba."